Chuo cha biashara kichaguliwe kwa kazi, si kwa jina

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Taifa linapotangaza matokeo ya Kidato cha Sita, nyumba nyingi za walimu na watumishi wa umma hugeuka kuwa mabaraza ya ukoo. Baba huitisha kikao, mama huleta karatasi yenye matokeo, na shangazi aliyewahi kuwa mpiga chapa wizarani husikilizwa kama mtaalamu. Halafu mjomba hupiga simu kutoka Dar es Salaam. "Mwambieni ajaze Mlimani," husema mjomba, "hivyo vyuo vingine ni vya wale waliokosa." Neno la mjomba huwa zito, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kufika mjini. Kijana mwenyewe, aliyekesha miaka miwili na vitabu vya Uchumi, Biashara na Uhasibu, huulizwa mwisho, naye hujibu kwa adabu, "Mtakavyoona ninyi, wazee wangu."

Kwa heshima zote anazostahili mjomba, ushauri wa aina hiyo haumsaidii kijana anayetaka kusoma shahada ya biashara. Mwanafunzi wa udaktari, asome Muhimbili au Dodoma, mwisho wa safari ni daktari. Mwanafunzi wa sheria hujua kwamba mbele yake ipo Shule ya Sheria na joho la uwakili. Lakini biashara si kazi moja. Chini ya jina hilo hilo wamo mhasibu wa halmashauri, afisa mikopo wa benki, mnunuzi wa vifaa vya hospitali ya mkoa, meneja wa chama cha ushirika cha kahawa, afisa masoko wa kiwanda cha sabuni na mkaguzi wa hesabu anayezunguka mikoani na mkoba wake. Kwa hiyo swali la "chuo kipi ni bora" haliwezi kupata jibu kabla ya kuulizwa lile lililolitangulia, nalo ni: bora kwa kazi gani?

Yapo mambo ambayo vyuo vyenyewe havipendi kuyasema siku hizi, kwa kuwa kila kimoja kinataka kuonekana kinafundisha kila kitu. Mojawapo ni kwamba vyuo vikuu vya umma vinavyotoa shahada za biashara havikuzaliwa kwa sababu moja. Kila kimoja kilianzishwa kuziba pengo fulani la Taifa, na alama ya kuzaliwa kwake bado inaonekana kwa mtu mwenye macho.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kwa somo la sheria. Kilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, masomo ya biashara yalikuwa Nairobi, na hata baada ya Dar es Salaam kuwa chuo kikuu kamili 1970, ilipita miaka tisa kabla ya kuundwa Kitivo cha Biashara na Uongozi. Kitivo hicho kilianzishwa 1979. Yafaa msomaji atue kidogo hapa. Huo ulikuwa wakati ambapo neno "mfanyabiashara" lilikuwa karibu kuwa tusi, na miaka minne tu baadaye, 1983, ikaja ile operesheni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Taifa lililokuwa likimshuku mwenye duka lilikuwa wakati huo huo likisomesha vijana shahada ya biashara kwa fedha zake. Hapakuwa na ukinzani. Benki zilitaifishwa Februari 1967, na biashara ya jumla na viwanda vingi vilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, nayo mashirika hayo yalihitaji mameneja na wahasibu Watanzania. Shahada ya Mlimani ilikuwa shahada ya kuendesha mali ya umma, haikuwa shahada ya kufungua duka.

Mashirika hayo mengi hayapo tena mikononi mwa umma. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma iliundwa 1992, Benki ya CRDB ikabinafsishwa 1996, na Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa 1997. Kitivo nacho kilibadilika, na tangu 2008 kinaitwa Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi wake leo anasoma katika mji ambao una makao ya benki kubwa, bandari kuu na Soko la Hisa lililoanza kuuza na kununua hisa 1998. Kwa kijana anayetaka fedha na mitaji, au anayewaza kuendelea hadi uzamivu na kuwa mwalimu wa chuo, Mlimani ni mahali pake, na katika hilo mjomba hajakosea. Tatizo la mjomba ni kwamba amelichukua jibu la mtu mmoja akaligawa kwa watu wote.

Mzumbe ni habari nyingine kabisa. Shule ile chini ya milima ya Uluguru ilianzishwa na serikali ya kikoloni 1953 ili kuwafundisha machifu, madiwani na makarani wa serikali za wenyeji. Mkoloni alitaka watu wa kukusanya kodi na kuandika vitabu vizuri. Uhuru ulipokuja, kazi hiyo haikufa, ila ilibadilishwa mwenyewe. Mwaka 1972, Serikali ilipopeleka madaraka mikoani, chuo hicho kiliunganishwa na Taasisi ya Utawala wa Umma iliyokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikazaliwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho watumishi wa umma wa makamo wanakikumbuka kwa herufi tatu za IDM. Haikuwa bahati kwamba mwaka huo huo wa 1972 ulianzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na ikatungwa sheria iliyoleta Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Taifa lilikuwa limechukua mali nyingi kwa mpigo, na halikuwa na watu wa kutosha wa kuzihesabu.

Mzumbe ilipewa hadhi ya chuo kikuu kwa sheria ya 2001, lakini asili yake haijafutika. Hadi leo inatofautisha shahada ya uhasibu na fedha ya sekta ya umma na ile ya sekta ya biashara. Asiyejua ataona huo ni utani wa wasomi, lakini yeyote aliyewahi kukaa katika ofisi ya mweka hazina wa halmashauri anaelewa. Hesabu za Serikali zina kifungu na kasma, zina bajeti iliyopitishwa na baraza la madiwani na Bunge, na matumizi yake hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ambaye ripoti yake husomwa na nchi nzima. Muuza saruji hapimwi hivyo. Yeye hupimwa kwa faida. Kijana aliyefundishwa faida na hasara peke yake, akipelekwa wilayani, hujikuta anafundishwa upya na karani mwenye cheti aliyemkuta pale. Wapo watumishi wengi wanaoijua aibu hiyo, ingawa hawaisemi mbele ya watoto wao.

Na Moshi? Hapa ndipo dharau ya mijini hujitokeza waziwazi. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi 1963, katika nchi ya Wachagga ambao wakulima wao wa kahawa walikuwa wameanzisha chama chao tangu 1925 na chama kikuu cha KNCU 1933. Palikuwa na sababu ya kukiweka chuo pale. Serikali ilipovivunja vyama vya ushirika 1976, na hata ilipovirudisha kwa sheria ya 1982, chuo kiliendelea kufundisha. Kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine 2004, na chuo kikuu kamili 2014. Leo kinatoa shahada za uhasibu na fedha, ununuzi na ugavi, usimamizi wa ushirika pamoja na uhasibu wake, na mikopo midogo na maendeleo ya biashara.

Mjomba akisikia "chuo cha ushirika" hucheka. Anafikiri juu ya ghala lililovuja na katibu aliyekimbia na fedha za wakulima. Basi na afikiri zaidi: ni nani atakayelizuia ghala hilo lisivuje tena? Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika korosho 2007, fedha nyingi za wakulima wa Mtwara na Lindi zimepitia katika vyama vya msingi, na malalamiko mengi ya wakulima yamekuwa juu ya makato wasiyoyaelewa na malipo yaliyochelewa. Ubovu wa korosho wahusikaje hapo? Tatizo ni vitabu, na vitabu vinataka mtu aliyesoma. Katika nchi ambayo wananchi wake walio wengi wanaishi kwa kilimo, kijana anayejua hesabu za ushirika ana kazi kubwa zaidi mbele yake kuliko kijana wa mia tano anayesubiri kuitwa kwenye usaili wa benki ile ile. Si kazi ya kuvaa tai kila siku, ni kweli.

Kwa mantiki hiyo hiyo, anayependa biashara ya mazao angeangalia pia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako uchumi kilimo na biashara ya kilimo vinafundishwa karibu na shamba lenyewe. Kijana wa Unguja au Pemba anayo Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na hana haja ya kuvuka bahari ili aonekane amesoma.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007 kwa kutumia pia ukumbi wa Chimwaga ambao Chama kiliujenga kwa mikutano yake, hakina historia ndefu ya kuhadithia. Lakini kina kitu ambacho vingine vingelipia fedha nyingi kukipata: Serikali yenyewe imehamia mlangoni pake. Wizara zilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi 2016, chuo hicho kilijikuta katikati ya ofisi ambazo wanafunzi wa utawala, fedha na ununuzi huzitafuta kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Je, kila mwanafunzi wa Dodoma anaitumia nafasi hiyo? Hilo ni jambo la mwanafunzi na walimu wake.

Sasa liangaliwe jambo ambalo watumishi wa umma wanalijua kuliko mtu mwingine yeyote, na ambalo kwa namna ya ajabu hulisahau wanapoketi katika baraza la ukoo. Katika miundo ya utumishi wa umma, Afisa Hesabu na Mhasibu si mtu mmoja. Afisa Hesabu ana shahada ya uhasibu. Mhasibu ana shahada hiyo pamoja na cheti cha taaluma cha CPA(T) kinachotolewa na Bodi ya Wahasibu baada ya mitihani yake. Watu hao wawili wanaweza kuwa walikaa dawati moja chuoni, wakapata alama zile zile, wakaajiriwa mwezi mmoja. Lakini ngazi zao ni mbili na safari zao ni mbili. Kadhalika katika ununuzi na ugavi ipo bodi yake ya wataalamu, na asiyesajiliwa hubaki nyuma. Tangazo la kazi linalotolewa na Sekretarieti ya Ajira husema mwombaji awe na shahada fulani "kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali". Halisemi Mlimani, wala Mzumbe, wala Moshi. Kisha huja mtihani wa maandishi, na karatasi ya mtihani haina mahali pa kuandika sifa za chuo.

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba maswali ya maana ambayo mzazi angeuliza ni haya: shahada hii inatambuliwa na bodi ya taaluma inayohusika, na mwanafunzi atasamehewa ngazi ipi ya mitihani ya bodi? Kijana akisoma shahada ya biashara yenye masomo machache ya uhasibu, akadhani ataufikia uhasibu baadaye, huenda akalazimika kuanza ngazi za chini wakati mwenzake wa uhasibu kamili ameruka. Miaka inayopotea hapo hairudishwi na jina la chuo. Kutofautisha "Shahada ya Biashara katika Uhasibu", "Shahada ya Uhasibu na Fedha" na "Shahada ya Usimamizi wa Biashara" ni kazi ya dakika kumi kwa mtu mwenye kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu mkononi. Dakika hizo kumi ndizo zinazokosekana katika nyumba nyingi.

Kasumba ina mizizi, na yafaa ichimbwe kidogo. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, kuingia chuo kikuu Tanzania Bara kulikuwa na maana ya kuingia Mlimani. Waliofika walikuwa wachache mno, wakisomeshwa na jasho la wakulima, na Mwalimu Nyerere hakuchoka kuwakumbusha hivyo; Oktoba 1966 mamia yao walirudishwa nyumbani kwa kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Katika hali hiyo jina la Mlimani likawa sawa na neno "msomi". Wazazi wa leo walikulia katika kivuli hicho. Lakini hali iliyolizaa jina hilo imekwisha. Vijana wanaohitimu shahada za biashara sasa ni wengi, wanatoka vyuo vingi, na mwajiri anayesoma maombi yao hana muda wa kuzipima kumbukumbu za mjomba.

Zipo pia gharama, na katika hili yafaa kusema kwa uwazi. Mkopo wa elimu ya juu, ulioanza kutolewa na Bodi ya Mikopo 2005, ni deni. Sheria iliporekebishwa 2016, makato ya kila mwezi yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara, na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaijua safu hiyo katika hati zao za mishahara. Miongozo ya mikopo kwa miaka mingi imeyatanguliza masomo ya tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi mbele ya biashara, kwa hiyo kijana wa biashara hana budi kujiandaa kupata mkopo pungufu au kukosa kabisa. Posho ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, hupangwa kwa kiwango. Pango la chumba Sinza halina kiwango. Mabweni mapya ya Mlimani yaliyofunguliwa Aprili 2017 yana nafasi za wanafunzi 3,840, na hiyo ilikuwa kazi nzuri sana, lakini wanaobaki nje hupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Chuo cha mkoani chenye chumba ndani ya uzio na ugali wa bei nafuu kinaweza kumwachia kijana saa tatu za kusoma kila siku, na kumwachia baba yake ng'ombe mmoja ambaye angeuzwa.

Chukulia mwalimu wa shule ya msingi Nachingwea, mwenye watoto wanne, ambaye binti yake amepata alama zinazompa nafasi popote. Binti amesoma uhasibu, anapenda hesabu, na wilayani kwao ameona jinsi wakulima wa korosho wanavyokaa kwenye foleni wakiuliza fedha zao ziko wapi. Mjomba anasema Mlimani. Akienda Mlimani hatapotea, atasoma vizuri. Lakini mahali ambapo swali lake la korosho litafunguliwa kama somo, likafanyiwa mazoezi na kuandikiwa ripoti, ni Moshi. Na akitaka kuingia katika hesabu za halmashauri yenyewe, ni Mzumbe. Binti huyo akipelekwa kwa jina la chuo, maarifa anayoyaleta kutoka nyumbani hayatapata mtu wa kuyauliza. Hiyo ni hasara ya Nachingwea kabla ya kuwa hasara yake.

Msomaji mwalimu au karani asidhani habari hii inawahusu watoto peke yao. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, kinatoa shahada za biashara kwa mtu asiyeacha kazi yake, kupitia vituo vya mikoa. Wako watumishi wanaokidharau kwa sababu hakina majengo marefu, huku wao wenyewe wakikaa miaka kumi wakingoja ruhusa ya masomo na fedha za mwajiri. Kusoma kwa masafa ni kugumu, na wengi huanza wakaishia njiani. Pamoja na hayo, mwalimu mkuu anayeshughulika na fedha za shule na michango ya wazazi angepata mengi katika shahada hiyo, na mshahara wake ungeendelea kuingia.

Lawama zote zikielekezwa kwa wazazi, haki haitakuwa imetendeka. Vyuo vyenyewe vimechangia kuleta giza. Baada ya ruzuku kupungua na ada kuwa tegemeo, kila chuo kimegundua kwamba darasa la uhasibu halihitaji maabara wala shamba. Linahitaji ubao, kipaza sauti na ukumbi. Basi vyote vimefungua uhasibu, vyote vimefungua ununuzi na ugavi, vyote vimefungua masoko na rasilimali watu, kama maduka ya mtaa mmoja yanayouza bidhaa ile ile. Mzumbe ina kampasi Dar es Salaam, na vyuo vya biashara ambavyo si vyuo vikuu, kama CBE kilichofunguliwa 1965 na IFM, navyo vinatoa shahada kupitia mkondo wa elimu ya ufundi. Ushindani si dhambi. Lakini fedha ni za umma, na umma haukujenga vyuo vitano ili vifanye kazi ya chuo kimoja mara tano. Mradi mkubwa wa elimu ya juu ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 umelenga pamoja na mengine kupitia upya mitaala na kujenga kampasi mikoani. Ingekuwa ajabu kampasi hizo zikifunguliwa na somo la kwanza ubaoni likawa lile lile la uhasibu ambalo tayari linafundishwa kila kona.

Aidha, vyuo husema mengi juu ya idadi ya wanaoingia, na kwa mahafali husema idadi ya wanaotoka. Baada ya hapo huja ukimya. Mzazi wa Sumbawanga akitaka kulinganisha wahitimu wa uhasibu wa Mzumbe na wa Dodoma kwa kufaulu mitihani ya Bodi ndani ya miaka mitatu, hapewi jedwali la chuo kwa chuo la kulinganishia. Akitaka kujua ni wangapi wameajiriwa, wangapi wamejiajiri na wangapi wamerudi nyumbani kulea kuku wa mama, vivyo hivyo. Bodi ya Wahasibu inao watahiniwa wake kwa majina na vyuo walivyotoka. Vyuo vinazo anwani za wahitimu, kwa kuwa huwaita wachangie. Bodi ya Mikopo inajua nani anakatwa mshahara na nani hakatwi. Habari ipo, haijakusanywa ikawekwa mahali ambapo mwalimu wa Kidato cha Sita anaweza kuifikia.

Na mwalimu huyo ndiye mtu wa kuanza naye. Katika shule nyingi, kazi ya ushauri kwa wanafunzi hupewa mwalimu mwenye vipindi vingi tayari, bila saa iliyotengwa na bila kitabu. Wanafunzi wanapoondoka Mei baada ya mtihani, hawarudi tena. Matokeo huwakuta vijijini, na dirisha la maombi hufunguliwa wakiwa mbali na shule. Tangu 2017 maombi yamekuwa yakipelekwa chuoni moja kwa moja badala ya kupitia mfumo mmoja wa Tume, kwa hiyo kijana aliyechaguliwa na vyuo viwili au vitatu huletewa namba ya siri katika simu, na hupewa siku chache za kuthibitisha kimoja. Ni katika siku hizo chache ambapo mjomba hupiga simu. Kama shule ingeweka vipindi sita tu katika muhula wa mwisho, mwalimu akapita na wanafunzi wake katika mwongozo wa Tume, shahada kwa shahada, na akamwita mhasibu wa halmashauri na meneja wa chama cha msingi waje kueleza kazi zao, kijana angefika katika baraza la ukoo akiwa na maneno ya kusema.

Mwongozo huo wa Tume ya Vyuo Vikuu una safu za jina la shahada, masharti ya kuingia, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Toleo lijalo lingeweza kuongezwa safu moja, ya wahitimu wa shahada hiyo wako wapi miaka mitatu baada ya kuvua majoho. Kwa chuo kitakachosema hakina takwimu hizo, safu iachwe wazi, mzazi aione ikiwa wazi.